Mitutu miwili lazima ielewane

(Haya ni maneno niliyowaambia vijana wa kambi yetu siku chache kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa. Nimeyaandika vile vile nilivyoyasema, nimeongeza kidogo tu pale maswali yaliponikatiza.)

Marahaba, marahaba wanangu, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni huku maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali na leo nataka kila mtu asikie.

Juzi kijana mmoja wa hapa alinikuta stoo nasafisha bunduki za wageni, akasimama akaangalia weeee, halafu akaniuliza swali. Akasema, "Mzee, hii raifo ya mitutu miwili mbona ni kama shotigani tu? Mitutu miwili, triga mbili, inavunjika katikati vile vile, unatia risasi mbili unafunga. Sasa kwa nini mtu asichukue shotigani kuukuu, akaweka mitutu ya raifo, mambo yakaisha? Maana hiyo ya Londoni bei yake unajenga nyumba ya ghorofa."

Simtaji jina, sitaki mtu amcheke, kwa sababu swali lake ni zuri na limenikosesha usingizi siku mbili. Nilimjibu haraka haraka pale stoo nikaona jibu langu halikutosha. Kwa hiyo nimeomba tukae wote leo, nijibu kama inavyostahili, maana hili ni jambo linalohusu mikono yenu na macho yenu na maisha ya mtu mtakayekuwa mmesimama naye mita kumi kutoka kwa mbogo aliyejeruhiwa.

Tuanze na kwa nini bunduki hii ipo kabisa. Wazungu wa kwanza waliokuja kuwinda tembo huku Afrika walikuwa na bunduki za baruti nyeusi, mizinga ya mkononi yaani, ile wanayoiita four bore, tonge moja la duara la madini ya risasi matupu linakaribia robo ratili. Frederick Selous, huyu ambaye pori letu kubwa la kusini liliitwa kwa jina lake na ambaye aliuawa kwa risasi Beho Beho mwaka 1917 wakati wa vita vya Wajerumani, alianza na bunduki za namna hiyo kule kusini mwa Afrika miaka ya 1870, za kushindilia kwa mdomo, na mwenyewe aliandika jinsi zilivyomwumiza. Siku moja mbeba bunduki wake alishindilia mara mbili kwa bahati mbaya, ilipolia ikamrusha Selous mwenyewe chini kama amepigwa na ng'ombe. Sasa na bunduki ya mdomo mmoja ya kushindilia, ukikosa, au ukipiga na tembo hajaanguka, huna kitu mkononi, una gongo tu.

Ndipo akili ya mitutu miwili inapoingia. Siyo kwamba mitutu miwili inapiga kwa nguvu zaidi, hapana, ni kwamba ya pili ipo tayari. Na nataka mlielewe hili vizuri: raifo nzuri ya mitutu miwili ni bunduki mbili kamili zilizofungwa kwenye kitako kimoja. Kila upande una triga yake, springi yake, nyundo yake, pini yake. Springi ya kulia ikikatika leo porini, ya kushoto haijui habari hiyo, inalia. Ile ya bolti, yaani ya mtutu mmoja yenye komeo la kuvuta kwa mkono, kama Mauser, ni nzuri sana na siisemi vibaya, lakini kupata risasi ya pili lazima mkono utoke kwenye triga, uvute, usukume, urudi, na kama ganda limekwama basi ndo limekwama. Kwenye mitutu miwili kidole kinasogea sentimita mbili tu kutoka triga ya mbele kwenda ya nyuma, na macho hayajatoka kwa mnyama. Halafu ni fupi, kwa sababu haina ile nafasi ya bolti kwenda mbele na nyuma, kwa hiyo kwenye kichaka kinene inazunguka vizuri.

Najua kuna atakayesema mbona Bell hakuitumia. Kweli. W.D.M. Bell, yule wa Karamoja Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja na wengi wao aliwaua kwa raifo ndogo ya bolti ya milimita 7, kwa sababu alisoma maumbile ya kichwa cha tembo mpaka akajua ubongo uko wapi akiwa pembeni, mbele au nyuma kidogo. Lakini Bell alikuwa anachagua risasi yake akiwa ametulia, asubuhi, uwanda uko wazi. Sisi kazi yetu ni ile ya jioni, mgeni amepiga vibaya, damu inaelekea kwenye manyasi marefu, na kuna watu wanne nyuma yako. Ni kazi tofauti.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Mitutu.

Kwenye shotigani, mitutu miwili ikitofautiana kidogo haina shida. Unarusha punje mia mbili, zinatawanyika, kanga anaanguka. Ikipiga kushoto kwa upana wa kiganja nani atajua? Raifo inatoa risasi moja. Na hapa ndipo watu wengi hata mafundi wa vyuma wazuri wanapopotea, wanafikiri ukifunga mitutu miwili sambamba kabisa kama reli ya treni basi zitapiga mahali pamoja. Hazipigi! Mtutu wa kulia ukilia, bunduki yote inaanza kurudi nyuma na kunyanyuka na kujipinda kulia kabla risasi haijatoka mdomoni, muda mdogo sana lakini upo. Wa kushoto unapinda kushoto. Kwa hiyo ukiifunga sambamba, risasi zitaachana, moja huku moja kule. Inabidi mitutu iinamiane kuelekea mbele, midomo ikaribiane, ili ile tabia ya bunduki kujipinda iirudishe risasi kwenye mstari wake. Ukiishika raifo ya mitutu miwili ukaiangalia kutoka juu utaona kwa macho kabisa kwamba inakaribiana mbele.

Na inakaribiana kwa kiasi gani? Hakuna hesabu ya karatasi inayokupa jibu la mwisho. Hapa ndipo kuna kazi inayonifanya niheshimu wale mafundi wa Londoni na Birmingham mpaka leo. Kuna fundi kazi yake ni hiyo tu, kulinganisha mitutu. Anakwenda uwanja wa shabaha na bunduki ambayo haijamaliziwa, anapiga kulia, anapiga kushoto, anaangalia karatasi. Anarudi, anapasha moto ile lehemu inayoshika mitutu pale mbele, anasogeza kabari ndogo sana katikati yake, anaacha ipoe, anapiga tena. Karatasi. Moto. Kabari. Karatasi. Siku nzima, siku mbili, risasi nyingi za bei mbaya, mpaka kulia na kushoto ziingie ndani ya kiganja cha mkono kwa mita 50 hivi. Na akishamaliza, ile bunduki imefungwa ndoa na aina ile ile ya risasi, uzito ule ule, kasi ile ile. Ukibadilisha risasi ikawa ya haraka zaidi, inatoka mdomoni mapema kabla bunduki haijajipinda vya kutosha, basi zinakatizana. Ikiwa ya polepole zinaachana.

Hata jua lina neno. Baruti ya kordaiti iliyokuwa inatumika zamani ilikuwa ikipata joto inapandisha presha, ndiyo maana viwanda vya Uingereza vilikuwa vinatengeneza risasi maalum za nchi za joto, baruti imepunguzwa kidogo. Kwa hiyo nikimwona mtu ameacha maboksi ya risasi juu ya dashibodi ya gari saa saba mchana nikapiga kelele, mjue sipigi kelele bure.

Haya, hiyo ni shabaha. Tuache shabaha, tuseme wewe huna haja ya shabaha, mbogo yuko mita kumi. Sasa tuzungumze presha, na hapa naomba mnisikilize kwa masikio yote mawili.

Tairi la lori letu lile pale nje linajazwa bar 8 hivi. Mmeona linavyopasuka barabarani, mmeona linachofanya. Shotigani ya kawaida ya namba 12, presha ya juu inayoruhusiwa na wale watu wa viwango vya Ulaya ni bar 740. Raifo ya .470 Nitro Express, namba hiyo ni upana wa mtutu kwa inchi, ambayo ndiyo mnaiona sana mikononi mwa wawindaji wetu, kiwango chake ni bar 2,700. Zaidi ya mara tatu na nusu. Na hii .470 ni mpole, imebuniwa makusudi iwe na ganda refu na kubwa ili presha isipande sana, kwa sababu waliijua Afrika na joto lake. Pamoja na upole wake inasukuma risasi ya gramu 32 kwa kasi ya mita 650 na kidogo kwa sekunde.

Sasa mtutu wa shotigani kule mbele ukuta wake ni mwembamba, chini ya milimita moja. Mtaniambia, mzee mitutu si tunabadilisha? Sawa. Mwili je? Ile bapa ya chuma nyuma ya risasi, lile kona ambapo bapa inakutana na sakafu ya mwili wa bunduki, ile pini ya bawaba, yale meno ya kufungia chini, vyote vilipigiwa hesabu kwa kazi ya kanga na bata. Mtu mwenye elimu atasema ganda la raifo ni jembamba kuliko la shotigani kwa hiyo msukumo wa nyuma hauzidi mara tatu na nusu, na ana ukweli, ukipiga hesabu ya eneo unakuta ni kama mara mbili hivi. Lakini mara mbili ni mara mbili! Gari la tani tatu ukilipakia tani sita leo litakwenda, na kesho litakwenda, halafu siku moja kwenye mteremko.

Na chuma hakikupigii simu kabla. Kwanza bunduki inaanza kucheza kwenye bawaba, unaifunga unaona mwanga mwembamba kati ya mitutu na bapa. Halafu ufa kwenye ile kona, ufa mwembamba kama unywele ambao ukiwa na mafuta na vumbi huuoni. Halafu siku hiyo uso wako uko sentimita kumi na tano kutoka pale.

Sitaki kuwadanganya kwamba hakuna duniani anayefanya hiyo kazi. Wapo, Marekani wapo, Australia wapo, watu wenye leseni na mashine za kukereza na miaka yao thelathini ya kazi, wanachagua miili ya shotigani iliyo imara na risasi za zamani za presha ndogo, na bado wengine bunduki zao zimewalegea. Hao wanapiga kwenye karatasi na nguruwe. Mimi siwezi kumpa mtu bunduki kama hiyo aingie nayo kwenye manyasi kumfuata mbogo, na sitakubali traka wangu, mfuata nyayo, atembee mbele yake.

Na Waingereza wenyewe walishaulizana swali hili la kijana wetu, miaka mia moja na arobaini iliyopita. Mwaka 1885 afisa mmoja wa jeshi, George Fosbery, alipata hati ya ubunifu wa bunduki ambayo mtutu wake ni laini kama shotigani karibu wote, ila kule mdomoni mwisho kabisa kuna michirizi ya raifo inchi chache tu. Holland & Holland mafundi bunduki wa Londoni, wakainunua akili hiyo wakaiita Paradox. Unatia punje unapiga kwale, unatia risasi moja nzito unapiga chui au simba kwa mita themanini, mia. Ilipendwa sana India. Kwa hiyo shotigani na raifo zilishaoana, kijana wangu hakukosea kuwaza. Ila angalieni walivyofanya, hawakuchukua shotigani ya mtu wakaigeuza, walitengeneza bunduki nzito zaidi kuanzia mwanzo, na hawakudai iwe na presha ya raifo kubwa. Walijua mpaka wao uko wapi. Ilipokuja .450 Nitro Express ya kiwanda cha bunduki cha John Rigby mwaka 1898, na baruti mpya isiyo na moshi, mwili wake ulibuniwa kwa kazi hiyo.

Kuna jambo jingine la Waingereza ambalo natamani tungekuwa nalo. Kule bunduki haiuzwi mpaka ipelekwe kwenye nyumba ya majaribio. Ya Londoni inatokana na chama cha mafundi bunduki kilichopewa hati na mfalme mwaka 1637, ya Birmingham imeanza 1813. Inafungwa mahali salama, inapigwa risasi yenye presha kubwa kuliko ile itakayotumia maisha yake yote, halafu mtu asiyekula mshahara wa kiwanda anaikagua. Ikipita inagongwa muhuri kwenye chuma. Ikipasuka imepasukia pale, hakuna mtu. Bunduki uliyotengeneza nyumbani, jamani, nyumba yake ya majaribio ni mkono wako.

Nilisema nitawaambia na hili, ingawa mama yangu mkubwa hapendi nikilisema. Kijijini kwetu baba yangu mdogo alikuwa na gobore. Mnajua gobore, kila mkoa wenye pori lipo, fundi wa kijiji anachukua chuma anachokipata anakuunganishia. Alikuwa anawinda ngiri na nguruwe wanaokula mahindi, hakuwa jangili, alikuwa mkulima anayelinda shamba. Ilimtumikia miaka. Nilikuwa na miaka kumi na moja hivi nikiwa nimembebea mfuko, alilenga, nikaziba masikio, nikasikia mlio ambao haukuwa ule niliouzoea. Alipogeuka alikuwa ananitazama mimi, hautazami mkono. Vidole vitatu vya kushoto havikuwepo. Tulitembea masaa manne kufika zahanati, nimemshika kanzu kwa nyuma, yeye ananiambia nisilie. Hakulima tena vizuri, na aliyelima badala yake ni mke wake na watoto, na mmoja wa hao aliacha shule. Fundi aliyelitengeneza alikuwa mtu mzuri, rafiki yake, alikuja kulia pale nyumbani. Uzuri wake haukuwa umeingia kwenye kile chuma.

Na leo sheria iko wazi, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kutengeneza silaha bila kibali ni kosa, na kwa kanuni za uwindaji, kwa wanyama hatari huwezi kuingia na kaliba, yaani upana wa mtutu, chini ya .375. Lakini mimi hata isingekuwepo sheria ningewaambia hivi hivi.

Kitu kimoja tena, halafu nimalize. Mkisoma habari za safari za zamani mtaambiwa majina ya wenye bunduki. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na raifo ya mitutu miwili ya Holland & Holland, kaliba .500/450, zawadi ya marafiki zake wa Uingereza, wakatembea na mwanawe Kermit mpaka Khartoum mwaka uliofuata. Kermit alikuwa na mbeba bunduki Mswahili, Juma Yohari, na jina lake limo kwenye kitabu cha baba mtu, lakini wapo mamia ambao majina yao hayamo popote. Hao ndio waliosimama hatua moja nyuma wakati tembo anakuja, wamebeba bunduki ya pili, wanaikabidhi mkononi, wanachukua iliyo tupu, wanatia risasi mbili nyingine huku mikono haitetemeki. Hao ndio waliojua springi ipi inalegea na mtutu upi unapanda. Bunduki ikipasuka walikuwa karibu nayo kama mwenyewe. Kazi yenu na yangu ni ya hao watu. Ndiyo maana naona vibaya mtu akisema "ni chuma tu mzee".

Haya. Yule kijana wa swali, simama sasa, usione aibu, njoo hapa mbele. Shika hii. Hakikisha kwanza haina kitu, ifungue, ndiyo, kulia hakuna, kushoto hakuna, waonyeshe wenzako. Sasa itoe mitutu kwenye mwili taratibu, igeuze juu chini, hapo kwenye bapa karibu na mahali risasi inapokaa. Futa mafuta kwa kitambaa. Unaona zile alama ndogo ndogo, taji na herufi na namba? Lete tochi. Wengine njooni mzunguke, msisukumane. Tusomee, moja moja, kwa sauti.